Akiba Ilitununulia Subira: Historia Fupi ya Mwani na Sanduku Letu



Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika historia katika kijitabu hiki cha miaka kumi. Nilipouliza historia ya nini, ya kikundi au ya mwani, mwenyekiti alicheka akasema, "Katibu, utavitenganisha vipi?" Nikaona kweli. Wengi wetu tuliingia kikundini na vidole vimechanika kwa kufunga mwani. Hisa zetu za kwanza zilinunuliwa kwa pesa ya mwani. Hata wenzetu wa maandazi, wa kuku na wa duka, wateja wao ni sisi sisi watu wa pwani. Mwani ukikwama, kijiji kizima kinakwama.

Basi nitayaeleza yote mawili kwa pamoja, toka yalikotoka. Na jambo ninalotaka tutoke nalo nalisema mapema, asije mtu akachoka katikati akaliacha. Kipato chetu hakikukua kwa kuongeza kamba baharini. Kilikua pale tulipopata uwezo wa kungoja. Pesa ya sanduku ilitununulia subira, na subira ndiyo iliyoleta tija.

Bibi zetu na makumbi

Kabla ya mwani wa kupanda, pwani hii ya mashariki ya Unguja ilikuwa na kazi zake za wanawake. Kulikuwa na kuchokoa pweza, kukusanya chaza na kombe, kusuka ukili, na kazi kubwa ya makumbi. Nazi zikifuliwa, makumbi yake yalifukiwa pwani, yakawekewa mawe juu, yakakaa miezi na miezi mpaka yakalainika. Halafu yanafukuliwa, yanapondwa, usumba unaoshwa na kuanikwa, kisha unasokotwa kamba kwa viganja vya mikono. Kila mtu alijua shimo lake na hapana aliyegusa la mwenzake.

Nalitaja hili kwa makusudi. Bibi aliyefukia makumbi alijua pesa yake haitoki leo wala kesho. Alikuwa na mashimo kadhaa, moja la kufukua sasa, jingine la baadaye, na hivyo hakosi kitu. Hakwenda skuli ya biashara lakini aliielewa.

Mwani nao haukuwa mgeni kabisa. Tangu miaka ya 1930 mwani wa kuota wenyewe uliokotwa pwani zetu ukauzwa ng'ambo. Lakini kitu cha kuokota bila kupanda kina mwisho wake. Ilipofika miaka ya 1970 mwani huo ulikuwa umepungua sana, na biashara ikafifia.

Mwaka 1989

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Bei ya karafuu ilianguka vibaya katika soko la dunia, baada ya Indonesia, ambayo ndiyo ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, kulima ya kwake kwa wingi. Katikati ya miaka hiyo milango ya biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa vitu, ila mifukoni hamna kitu. Watu wakatafuta njia.

Njia moja ilitoka kwa wataalamu. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameuchunguza mwani kwa miaka mingi, na alisisitiza kuwa unaweza kulimwa hapa kama unavyolimwa Ufilipino. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka huko huko Ufilipino. Zilikuja aina mbili. Mmoja tunauita spinosum, mgumu wa kuvumilia lakini bei yake ndogo. Mwingine ni cottonii, bei yake ni nzuri zaidi, ila ni mwororo na haupendi maji ya moto. Kutoka Paje na Jambiani kilimo kilisambaa vijiji vingine, kikavuka hadi Pemba, ambako leo ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini kijitabu hiki kitasomwa na wafadhili na wajukuu pia, kwa hiyo naieleza. Maji yakiwa ya bamvua, bahari inakupwa mbali na sisi tunashuka. Vijiti vinapigiliwa mchangani, kamba inavutwa kutoka kijiti hadi kijiti, na mashada ya mbegu yanafungwa juu yake kwa vikamba vidogo tunavyoviita taitai. Maji yakijaa, mwani unaelea na kukua. Baada ya wiki kadhaa unavunwa, unaanikwa, unatiwa kwenye mapolo, unapelekwa mizani. Huko nje viwanda vinatoa ndani yake kitu kiitwacho karajinani, kinachofanya malai na dawa ya meno visiwe majimaji. Ndiyo maana mzungu analamba malai Ulaya hajui kuwa mama mmoja wa pwani hii aliinama saa nne kwenye maji ya magoti.

Wanaume waliingia, wakatoka

Vijana wa leo wanadhani mwani tangu zamani ni kazi ya wanawake. Sivyo. Mwanzoni wanaume nao walilima. Walipoona bei haipandi, wengi walirudi kwenye uvuvi, wengine wakakimbilia hoteli zilizoanza kujengwa. Sisi tulibaki, maana pesa ile ndogo kwetu ilikuwa kubwa. Ilikuwa pesa ya kwanza ambayo mama aliishika mwenyewe bila kumuomba mtu. Madaftari na sare za watoto zikanunuliwa, mabati yakaanza kuonekana juu ya nyumba zilizokuwa za makuti, na binti akaolewa na kitanda chake.

Lakini tusijisifu tu. Kubaki peke yetu kulikuwa na ubaya wake. Kazi iliyoachiwa wanawake huwa haiulizwi sana inalipa kiasi gani. Hata sisi wenyewe hatukuuliza. Tulihesabu pesa iliyoingia, hatukuhesabu siku zilizotoka, wala mgongo, wala macho yanayouma kwa mng'aro wa jua juu ya maji.

Kamba ya mkopo

Utaratibu ulioenea tangu mwanzo ulikuwa huu. Mnunuzi anakupa kamba na taitai, nawe unalima. Ukivuna unamuuzia yeye kwa bei yake, maana vifaa ni vyake. Sisemi ulikuwa utaratibu mbaya moja kwa moja. Bila yeye wengi wetu tusingeanza, maana kamba ya nailoni si rahisi kununua. Ila uliacha kovu. Mwenye kamba ya mkopo hana mdomo mbele ya mizani. Akiambiwa mwani wake una mchanga, ananyamaza. Akiambiwa bei imeshuka, ananyamaza.

Kuna jingine baya zaidi kuliko bei, nalo ni haraka. Nyumbani hamna unga, mtoto ana homa, bamvua limefika. Basi mama anavuna mwani wa wiki mbili, mchanga kabisa, anauanika siku moja unusu, anauza. Bamvua lijalo vivyo hivyo. Anafanya kazi sana huyu! Hapana anayeweza kumwita mvivu. Lakini haendi mbele.

Sanduku lilivyofika

Kuweka na kukopeshana si kitu kigeni kwetu. Upatu mama zetu wameucheza tangu zamani, na bado tunaucheza. Ubaya wa upatu ni kuwa pesa inazunguka na kuondoka; zamu yako ikiwa ya mwisho na shida yako ikaja mwanzo, imekula kwako.

Mtindo wa sanduku la hisa una historia yake, tena ni historia ya wanawake wa Afrika. Ulianzia Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, chini ya shirika la CARE. Wanawake wa Kihausa waliotumia utaratibu huo waliitwa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Walikuwa na shida ile ile tuliyokuwa nayo sie: benki iko mbali, na mwanamke hana cha kuweka rehani. Wakakubaliana waweke pamoja, wakopeshane, na mwisho wa mzunguko wagawane. Mtindo huo ulienea nchi nyingi, na miaka ya mwanzo ya 2000 ukafika Unguja katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani. Kutoka huko, shoga kwa shoga na wifi kwa wifi, habari zikatufikia.

Miaka kumi iliyopita tukakaa chini ya mkungu wa pwani, tukaanza. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Pesa inahesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Wapo waliotucheka, wakasema wanawake hawakai na pesa ya pamoja mwaka mzima bila kutoana macho.

Suala la riba lilituumiza kichwa. Wenzetu wengi walisema, na kwa haki, kuwa hawataki faida ya kukopeshana pesa. Baada ya vikao vingi tulielewana hivi: kikundi kinanunua kamba na taitai kwa jumla kutoka mjini, kisha kinamuuzia mwanachama kwa bei inayojulikana na kukubaliwa tangu mwanzo, naye analipa kidogo kidogo. Faida inarudi kwenye mfuko. Mwenye shida ya ugonjwa anasaidiwa kutoka mfuko wa jamii bila nyongeza yoyote. Hapo mioyo ikatulia, na kwa mara ya kwanza tukawa na kamba zetu wenyewe.

Kosa letu la mwanzo

Kijitabu cha sherehe kisichotaja makosa kinawadanganya wajukuu. Kwa hiyo naliandika hili.

Tulipoona kamba zipo, kila mtu alitaka nyingi. Tukaamini kamba mara mbili ni pesa mara mbili. Tukajitwika. Mwani ulikubali, ulikua vizuri, lakini mikono ilikuwa ile ile miwili na bamvua halikuongeza hata siku moja. Kamba nyingine zilikaa bila kusafishwa, zikavamiwa na majani mengine ya baharini. Nyingine zilivunwa haraka haraka, tukazimwaga kuanika. Masika ikatukuta mwani uko chini mchangani.

Anayejua mwani uliolowa mvua ukiwa unakaribia kukauka hahitaji kuelezwa. Chumvi inatoka, rangi inapauka, unaoza. Mizani ikaukataa mwingi. Marejesho yakakwama. Kikao cha mwezi ule kilikuwa cha kelele. Wakatajana majina na mambo ya nyumbani yakatolewa hadharani. Wenzetu wawili wakaacha kuja. Tulimfuata mmoja, tukampunguzia malipo, akarudi. Wa pili hakurudi mpaka leo, ingawa tunapishana kisimani na kuamkiana. Simtaji jina. Deni lenyewe halikuwa kubwa, ila sisi tulilidai vibaya, kwa sauti, mbele za watu. Hasara ile siihesabu katika daftari la pesa, lakini naihesabu.

Hesabu ya wiki sita

Baada ya hapo tukaacha kubishana tukaanza kuuliza. Mabwana na mabibi wa ushauri wa bahari wamekuwa wakituambia siku zote kuwa mwani mzuri unataka kama siku 45, yaani wiki sita. Tulikuwa tunasikia tu. Safari hii mjumbe mmoja alisimama na mbegu za kete akatuonyesha. Narudia mfano wake. Ni mfano wa hesabu tu, bahari yenyewe haina ahadi.

Tuseme shada la mbegu lina gramu 100, na kila wiki mbili linazidi mara mbili. Anayevuna kila wiki mbili anakuta gramu 200, anachukua 100, anaacha 100 iwe mbegu. Katika wiki sita amevuna mara tatu, jumla gramu 300. Sasa anayengoja: wiki ya pili 200, ya nne 400, ya sita 800. Anaacha 100 ya mbegu, anachukua 700. Bahari ni ile ile na kamba ni ile ile. Isitoshe, aliyengoja amefunga taitai mara moja, mwenzake amefunga mara tatu. Na mwani uliokomaa una karajinani nzuri zaidi, ndiyo maana mnunuzi anautaka.

Kikao kilikaa kimya. Bibi mmoja mtu mzima akasema, "Kumbe nilikuwa nakula mbegu." Neno lile limebaki kwetu mpaka leo. Mtu akitoa pesa ya mtaji kununua nguo ya harusi, tunamwambia, shoga, unakula mbegu.

Lakini kujua hakutoshi. Yule mama hakuwa mjinga alipovuna wiki ya pili. Alikuwa na njaa. Hapa ndipo sanduku lilipofanya kazi yake. Tuliweka mkopo mdogo wa kungojea: mwanachama mwenye mwani baharini anachukua cha kumfikisha wiki ya sita, na analipa mwani ukipimwa. Tukagawa kamba kwa mafungu, kama mashimo ya makumbi ya bibi zetu, kila bamvua kuna fungu lililokomaa na jingine linakua. Na tukaweka kikomo: mtu asichukue kamba zaidi ya anazoweza kuzisafisha na kuzivuna katika bamvua moja kwa mikono yake na ya aliye naye.

Kati ya bahari na mizani

Jambo la pili tulilojifunza ni kwamba hasara kubwa haikuwa baharini, ilikuwa nchi kavu. Kilo moja ya mwani mkavu inatokana na kilo saba hadi kumi za mwani mbichi. Basi chukua nane. Kilo moja ikikataliwa mizani kwa mchanga au unyevu, umetupa kilo nane ulizozibeba kichwani kutoka majini. Kilo tano zikikataliwa ni arubaini. Nani kati yetu angekubali kubeba kilo arubaini bure?

Tukajenga chanja kwa miti na nyavu kuukuu za wavuvi. Upepo unapita juu na chini, mchanga hauingii, mbuzi hawakanyagi. Mvua ikitishia, wawili wanakunja neti na mwani wake. Tukatia turubai. Tukapata chumba kimoja kikavu cha kuwekea mapolo, ili tusilazimike kuuza siku ile ile kwa wa kwanza aliyekuja. Na tukanunua mizani yetu ndogo. Si kwamba tunamtuhumu mtu. Lakini mwenye kupima nyumbani kabla hajaenda, anapozungumza na karani wa mnunuzi anazungumza akimtazama usoni.

Daftari likafuata. Kila mmoja na lake: siku ngapi umeshuka pwani, taitai ngapi, kilo ngapi mbichi, ngapi kavu, ngapi zilikataliwa na kwa nini. Wasiojua kuandika watoto wao waliwaandikia, na baadhi wakajifunza humo humo. Tulipolinganisha madaftari, tuligundua aliyepata zaidi si aliyeshuka siku nyingi. Ni aliyepoteza kidogo.

Wenzetu wasio wa mwani walinufaika vile vile. Mama wa maandazi alikuwa akisema biashara inamtupa, haoni faida. Tukamshauri awe na mikoba miwili, mmoja wa unga na mafuta, mwingine wa nyumbani, na maandazi yanayoliwa na watoto wake ayaandike kama yameuzwa. Baada ya muda mfupi akaona faida ilikuwapo, ila ilikuwa inaliwa na chai ya asubuhi. Hakuwanyima watoto, alijua tu sasa pa kujibana. Wa kuku naye alianza kuandika chakula anachonunua, akaacha kufuga majogoo ya maonyesho.

Sabuni

Miaka yote ile tulikuwa tunauza mwani kwa kilo, ukienda ng'ambo kama ulivyo. Mwaka 2006 ulianzishwa hapa Zanzibar mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani, na mtafiti wetu Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alikuwa mstari wa mbele kufundisha akina mama kusaga mwani na kuutia katika sabuni na bidhaa nyingine. Elimu hiyo ilipita kijiji kwa kijiji mpaka ikagonga mlango wetu.

Sabuni ni mwani wa unga, mafuta ya nazi, maji, kostiki, na harufu ya hapa hapa: karafuu, mdalasini, mchaichai. Kostiki inataka adabu. Ni kostiki inayotiwa kwenye maji, si maji juu ya kostiki. Miwani machoni, glavu mkononi, watoto mbali. Na sabuni ikishakatwa haiuzwi. Inakaa rafuni wiki nne hadi sita mpaka ikomae. Ukiiuza mbichi, inayeyuka upesi na inamwasha mtu ngozi, na mteja yule hurudi mara moja tu, kuja kulalamika.

Mnaona? Wiki sita nyingine za kungoja. Ndiyo maana nasema biashara hii haiwezi kufanywa na mtu asiye na akiba nyuma yake. Vikundi vingi vimejaribu sabuni vikaacha, si kwa kukosa ujuzi, bali kwa kuwa mtaji wote umelala rafuni na nyumbani watu wanataka kula.

Nisipambe. Sabuni haijawa mbadala wa mwani wa kilo. Watalii wakipungua, mauzo yanapungua. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga safari za dunia, sabuni zilikaa mpaka zikapauka. Kilichotuokoa ni kuwa hatukuwa tumeweka kila kitu humo.

Bahari inabadilika

Jambo la mwisho ni zito. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 cottonii, ule wa bei nzuri, umekuwa ukifa. Maji yanazidi joto, hasa wakati wa kaskazi. Mwani unapata madoa meupe, unakatika, unapotea na mawimbi. Sehemu nyingi haukurudi tena, tumebaki na spinosum. Na hata huo, kaskazi unausumbua.

Watafiti wameonyesha kuwa kwenye maji ya kina, penye ubaridi, mwani unaweza kustahimili, na wamejaribu neti ndefu kama mirija zinazoshika mwani usikatike. Lakini kina kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea. Wengi wetu, tumezaliwa futi chache kutoka baharini, hatujui kuogelea. Hili nalo ni la kuulizana. Wakati huo huo hoteli zinaongezeka na pwani ya kuanikia inapungua. Serikali imeweka uchumi wa buluu mbele tangu mwaka 2020, na tunashukuru kila msaada unaofika. Ila msaada humkuta aliyejipanga.

Tunakokwenda

Baada ya sherehe hii tuna kikao cha mgao. Najua yanayosemwa barazani. Wapo wanaotaka tugawane yote, kila mtu achukue chake, na wana haki, maana ni jasho lao na ada za skuli zinangoja. Wapo wanaotaka tuache fungu kwa ajili ya chombo kimoja cha kufikia maji ya kina, pamoja na masomo ya kuogelea kwa wenye moyo.

Mie ni katibu tu, kura yangu ni moja. Lakini nimepewa kalamu, nitasema langu. Tukigawana yote, kaskazi ijayo itatukuta pale pale kwenye maji ya magoti na spinosum inayokatika. Tukiacha fungu, hatuna uhakika kuwa tutafanikiwa. Chombo kinaweza kupasuka, mwani unaweza kukataa. Ninachoomba ni kuwa yeyote atakayepiga kura ajiulize kwanza swali la yule bibi: hii ninayoila, ni mavuno au ni mbegu?

Na ombi la pili. Yule mwenzetu ambaye hajarudi, apelekewe kadi ya sherehe hii. Waende watu wazima wawili, kwa upole, bila kutaja deni.

 Haba na haba hujaza kibaba, lakini tumejifunza kuwa kibaba hakijai kwa mwenye haraka. Mwenyezi Mungu atujaalie miaka kumi mingine, na atupe subira ya kuifikia.

Katibu wa kikundi